Wimbi Likishapita Liache: Kwa Wanaoanza Foili Tanga

Wengi mnaonikuta Raskazone mnaniuliza kwanza bei ya foili, lile bawa linalofungwa chini ya ubao na kuunyanyua juu ya maji. Ulizeni kwanza kusi, upepo wa kutoka kusini unaotuletea mawimbi. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nashuka Mwambani, kusini mwa mji, na ubao begani, naelekea kaskazini, napiga kasia mpaka kifua kinawaka, na ubao haukutoka majini hata siku moja. Mzee mmoja aliyekuwa akishona tanga la ngalawa yake aliniangalia weee, mpaka nikatoka, nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, mbona unalikimbiza wimbi lililokwisha kupita?"

Kosa lilikuwa hapo hapo. Foili ni bawa, na bawa linanyanyua kwa mwendo. Mwendo huo unaukopa kwa wimbi, nalo linakopesha upande wake wa mbele tu, pale maji yanapopanda. Likikupita, uko mgongoni, unapanda kilima kwa kasia. Liache, ngoja la nyuma yake.

Kungoja nako kuna namna. Piga kasia polepole, magoti yalegee, usikilize tezi, nyuma ya ubao. Utahisi mkia unainuliwa chini ya mguu wa nyuma na omo, ncha ya mbele, inainama kidogo. Hapo sasa: vuta kasia mara sita saba, fupi fupi, haraka, karibu kabisa na ubao. Ubao ukianza kuteleza wenyewe, bonyeza na kuachia kwa miguu mara mbili tatu. Usiinyanyue omo kwa pupa; bawa litachomoka juu ya maji, nawe utatua kwa mgongo. Ukipata, masikio ndiyo yatakwambia. Yale makofi ya maji chini ya ubao yanakatika ghafla, unabaki mvumo mdogo tu. Mara ya kwanza kimya hicho kilinishtua, nikaanguka.

Ukishaelea, macho yawe kwenye bonde la mbele, usitazame miguu. Foili huenda kasi kuliko mawimbi madogo ya upepo, kwa hiyo utayapita. Mbele pakijaa, kata pembeni utafute bonde jingine.

Vifaa: ubao mrefu, bawa la mbele kubwa. Mabawa membamba ya wale mnaowaona kwenye video za Maliko, kule Maui, Hawaii, yaacheni kwanza. Mlingoti wa foili (kwetu mlingoti husimama, huu unaning'inia) una sentimita 80 hivi, basi maji ya bamvua yakipwa usiingie. Mimi kipande cha bawa langu kiko kwenye mwamba mpaka leo. Kamba ya mguuni na jaketi la kuokolea havina mjadala, na ukianguka jitupe kando, mbali na bawa, kingo zake zinakata.

Julai, mchana, povu jeupe likianza kuonekana nje, ndiyo saa yake. Alfajiri umande ukivuma kutoka bara, kanywe chai. Ule unakupeleka Pemba.

Ukizunguka rasi hapo Raskazone upepo unazibwa na mawimbi yanakufa. Piga magoti umalizie kwa kasia. Dereva wa bajaji wa kukurudisha mpange mapema, na nauli ifunge kwenye mfuko usioingia maji. Mimi nilimlipa wa kwanza kwa noti mbichi, akaianika kwenye kioo cha mbele mpaka Mwambani.