Vitunguu vya zafarani vimetoa majani matupu, nivirudishe frijini?

SWALI: Assalaam aleikum bwana shamba. Mie nipo Wete, Pemba. Mwezi wa 8 nilinunua vitunguu 40 vya zafarani kwa mtu anauza kwa simu, 5,000 kila kimoja. Akanambia nivitie frijini wiki 6 "vipate baridi ya kwao" kisha nivipande mvua za Vuli zikianza, eti zafarani ni ua la vuli. Nimefanya hivyo hivyo. Vimeoza 11, vilobaki vimetoa majani kama ukoka, ua hata moja. Muuzaji anasema baridi haikutosha, nivichimbue nivirudishe frijini miezi 3, au ninunue mbegu zake ambazo zishazoea joto. Nifanye lipi? Na karafuu si ilikuja kutoka nje na ikakubali, kwa nini zafarani isikubali?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Usivichimbue, usivirudishe frijini, na hizo mbegu usizichukue hata akikupa bure. Swali lako limeshajibiwa hapo, lakini usiondoke, maana tangu mwezi wa 10 uingie wewe ni mtu wa 6 kuniandikia habari za zafarani na friji na hadithi ni hii hii, mtu kanunua, katia frijini baina ya maziwa na pweza, kapanda, kapata majani. Hili la friji ndo linalonichosha kuliko yote.

Friji ni habari ya tulipu, ua la kitunguu la nchi za baridi. Tulipu kweli hutaka wiki 12 na zaidi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 ndo itoe bua la maana, na watu wa nchi za joto huzitia frijini, wakapata ua msimu mmoja kisha wakazitupa. Sasa mtu kaona video ya tulipu kaibandika kwenye zafarani kwa vile zote ni vitunguu. Zafarani mambo yake kinyume. Ua lake halitengenezwi na baridi, linatengenezwa na joto. Kule kwao majani yakishakauka kitunguu kinalala ardhini kiangazi kizima, udongo mkavu kama saruji, joto la huko chini kilipo nyuzi 23 mpaka 27, na humo humo ndani, bila ya tone la maji, bila ya jani wala mzizi, ndo ua linajiumba kidogo kidogo kwa miezi 2 hivi au zaidi. Baadae hewa inapoa, inashuka mpaka kwenye 17 hivi, ndo lile ua lililokuwa tayari linasukumwa nje. Sasa tazama alichokufanyisha huyo jamaa: kitunguu kimo katikati ya kazi ya kuumba ua, ukakichukua ukakitia kwenye nyuzi 4, kazi ikasimama, na kama ua lilishaanza likafia ndani, halafu ukakitoa ukakizika kwenye udongo wa mvua wenye moto wa 28. Majani hayachagui sana, yakatoka. Na zile 11 zilizooza wala sishangai, kitunguu kikitoka frijini kinatokwa jasho kwenye maganda, fangasi hawahitaji kualikwa mara mbili.

Kwa hiyo "baridi haikutosha" ni maneno ya mtu anayetaka kununua muda. Akikupa miezi 3 ya friji, miezi 3 hiyo wewe humdai, na ikifika ya 4 namba yake haipatikani. Na ukivichimbua sasa hivi na majani yake mabichi umeviua kabisa, maana hayo majani ndo jiko, ndo yanayopika chakula cha kitunguu cha mwaka unaofuata.

Kuna na hili neno vuli, nalo limewaponza wengi. Wenzetu wana msimu wao baina ya kiangazi na baridi kali, miti inapukutisha majani, na kwenye vitabu vya Kiswahili umeitwa vuli. Sie Vuli yetu ni mvua za mwezi wa 10 mpaka wa 12. Miezi inalingana na ya Iran na Kashmir, huko inakolimwa zafarani, na hapo ndo mtego ulipo, kwa sababu vuli yao joto linashuka kila wiki, yetu jua la mwezi wa 10 linapita utosini na joto linapanda kwenda kwenye kaskazi. Baridi yetu sie ni kipupwe, mwezi wa 7 na wa 8, na hata usiku ule tunaovutana shuka joto linagota kwenye 21, 22. Mahala pa Unguja na Pemba panapofika 17 ni chumba chenye AC, basi. Na wale wanaoleta vitunguu vya maua kutoka Cape, Afrika ya Kusini, belladonna na nerine, wao vuli yao ni mwezi wa 3 mpaka wa 5, yaani Masika yetu khasa, mtu anakwambia ipande Masika ndo msimu wake, unakipanda kitunguu kilichozoea kuchomwa na kiangazi kikavu ndani ya mafuriko ya mwezi wa 4. Ukikitafuta mwezi wa 6 unakuta uji.

Haya, karafuu. Swali zuri na nakupa haki yako, lakini karafuu imetoka Maluku, visiwa vya Indonesia vilivyo pale pale kwenye ikweta, visiwa kwa visiwa, mvua kwa mvua, joto kwa joto. Ilipofika Kizimbani ilijiona kwao. Mdalasini Sri Lanka, kungumanga visiwa vya Banda, vanila misitu ya Mexico, zote ni nchi za jasho kama hapa. Zafarani inakotoka sana ni Khorasan huko Iran, theluji inaanguka, na Kashmir vile vile. Sie tunaitwa visiwa vya viungo mtu akadhani kila kiungo kilichomo dukani kinaota hapa, na wanaotembeza wageni mashambani wamezidi kuharibu, utamkuta kijana anamuonesha mzungu pakti ya unga wa rangi anaiita zafarani, na nyumbani nako tunaita zafarani ile rangi ya biriani, basi jina limezagaa hata mwenyewe hajulikani tena.

Usinione nasema tu. Mie mwenyewe niliingia. Miaka kadhaa nyuma nililetewa 12 na mtu alotoka safari, vitunguu vizuri vya kushiba, vimevikwa nyuzinyuzi za kahawia kama kumbi la nazi. Vilifika mwezi wa 10, vimeshapita joto lao huko kwao, nikavipanga juu ya sahani kwenye chumba cha binti yangu kwa sababu ndo chenye AC, bila ya udongo. Wiki ya pili asubuhi tumeamka, maua 7. Rangi ya zambarau, na ndani zile nyuzi 3 nyekundu zimelala zinaning'inia nje ya ua kama ulimi. Nilizichuma kwa kucha, zikawa 21, nikazikausha kwenye kisosi juu ya friji (juu, si ndani!), na mke wangu akazitia zote kwenye biriani ya Ijumaa moja, nikajiona bepari. Nikavipanda nyuma ya nyumba kwenye kichanga chenye kivuli cha mwembe, nikavihudumia kama mtoto. Majani yakakaa mpaka mwezi wa 1 yakaanza kugeuka manjano, wakati kule kwao yangeendelea mpaka mwezi wa 4, wa 5. Nikachimba. Vile vitunguu mama vilikuwa vimekwisha, ganda tupu, na pembeni vimezaa vitoto kama njugumawe. Zafarani kila mwaka kitunguu cha zamani kinakufa kinaacha watoto, na mtoto asipofika kiasi cha gramu 8 au 10 hatoi ua. Wa kwangu hawakufika gramu 2. Mwaka wa pili majani. Mwaka wa tatu hata majani hayakutokea.

Hilo ndo ninalotaka watu walielewe na hawataki: kitunguu ni masurufu. Kimefungashwa chakula na ua lake kule kilikolimwa, kinasafiri nalo tumboni. Ua unaloliona mwaka wa kwanza si la bustani yako, ni la mkulima wa Iran, wewe umelifungua tu. Ndo maana mtu anapiga picha ua moja anairusha anasema "zafarani yakubali Zanzibar", na wala hajadanganya picha, ila muulize picha ya mwaka wa pili iko wapi.

Na hata vingekubali, tupige hesabu. Gramu moja ya zafarani kavu inataka maua 150 hivi. Vyako 40 vyote vingechanua maua 2 2 ni maua 80, nyuzi 240, nusu gramu. Umetoa 200,000. Unaweza kusema nitatia AC, nitajenga chumba, na kweli wapo wanaolima ndani ya vyumba huko India, lakini chumba hicho kinataka ubaridi wa miezi, si wa wiki, pamoja na taa za kuyalisha majani, kitunguu kiweze kunenepa tena. Umeme wa Pemba unaujua wewe mwenyewe.

Vyako viache hapo vilipo, vipate jua la asubuhi, maji haba, samadi usitie. Majani yakikauka yenyewe chimbua uvianike kwenye ungo pahala pakavu penye upepo, si kwenye mfuko wa plastiki. Usitegemee kitu.

Ukitaka ua la Vuli yetu yapo, na watu wanayakanyaga. Lile jekundu la duara kama mpira, vijiua mia na zaidi kwenye kikonyo kimoja, linatoka ardhini peke yake mvua zikianza, lina asili ya Afrika hii hii, chimba kitunguu chake wakati wa ukavu ukiweke kwenye kivuli cha mti shingo ikiwa juu ya udongo na ukisahau. Na vile vidogo vya waridi na vyeupe, majani kama nyasi, vinavyochomoza siku 3, 4 baada ya mvua kubwa kunyesha juu ya udongo uliokuwa mkavu, omba kwa jirani hutolipa hata senti. Anayetaka pesa ya maua ajaribu tuberozi, asili yake Mexico, inapenda joto, na harufu yake jioni inaingia nyumba ya tatu, sijui kwa nini watengenezaji vikuba hawajaigundua. Yote hayo ni ya kutazama na kunusa, hakuna la kula hapo, na mbuzi fungeni.

Sasa hizo "mbegu zilizozoea joto". Dada, zafarani haina mbegu. Haina kabisa, popote duniani. Ina seti 3 za kromosomu (zile zinazobeba urithi ndani ya kiumbe) badala ya 2, ni tasa, tangu zama na zama binadamu anaihamisha kwa vitunguu tu. Anayekuuzia mbegu nyeupe zinazofanana na za alizeti ndogo anakuuzia kartamu, mmea wa miba, ukoo mmoja na alizeti, itaota kweli na itatoa maua ya rangi ya chungwa na utafurahi, na ukiyakausha utapata kile kile kinachouzwa kwa wageni kwa jina la zafarani. Tia kwenye maji: ya kweli inatoa rangi pole pole na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Jamaa wa namna hii hawaishi, mwaka huu zafarani, mwaka mwengine mbegu za waridi la buluu, na hakuna hata mmoja utayemkuta na shamba, ana simu na picha za watu.

Hasara ya pesa inauma ila inapita. Kinachonitia hofu ni kingine. Kuna ua liitwalo kolchikamu, huko Ulaya wengi huliita kwa jina la jamii ya zafarani kwa vile linachanua msimu mmoja nalo na sura zinakaribiana, na wauzaji wasiojua wanalichanganya, au wanajua. Kitunguu chake ni kikubwa, kama yai la kuku hivi, ganda laini la kahawia halina zile nyuzinyuzi za kumbi, na kinaweza kuchanua juu ya meza bila ya maji wala udongo, na kwa hiyo muuzaji anakipenda, hakimuaibishi. Sumu yake ni kolchisini, ile inayotumika kwa kipimo kidogo sana kwenye dawa ya jongo. Mtu akila haanzi kuumwa papo hapo, zinapita saa, halafu kutapika na kuhara, watu wanasema kala chakula kibovu, na mambo makubwa ya figo na moyo yanakuja siku zinazofuata. Sumu hiyo hiyo imo kwenye lile ua letu la vichakani linalopanda kwa ncha za majani, petali nyekundu na manjano zimejikunja juu kama moto, na kiazi chake watoto wanakidhania kiazi kikuu.

Kwa hiyo dada, na yeyote mwenye vitunguu vya mtu yule, ikitokea kimoja kikachanua, kabla ya kukimbilia sufuria ya biriani lifungue ua ulihesabu. Weka pembeni zile nyuzi nyekundu, tazama vijiti vya manjano vyenye unga. Zafarani ina 3. Ukihesabu 6 usilichume wala usilikaushe, kitunguu chake kizike mbali na watoto, osha mikono, na nipigie picha unitumie kabla hujamrudia muuzaji.