Kuishi bila kungoja ridhaa ya kila mtu

Dada yangu, umeeleza kwamba umekodi chumba mtaa wa Langoni ili ufungue duka la ushonaji, lakini hujalifungua kwa kuwa shangazi zako hawajaonyesha furaha, na kila barazani unapopita unahisi unasemwa.

Hapa Lamu vichochoro ni vyembamba na watu wanajuana, kwa hiyo sikulaumu. Ninalokusihi ni utenganishe heshima na ruhusa: shangazi wanastahili kuamkiwa, kuarifiwa na kusikilizwa, bali biashara ya halali unayoigharimia mwenyewe haihitaji kila mmoja wao aifurahie.

Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha watu mistari ya urefu tofauti wailinganishe, akakuta kwamba wengi wao walikubali, angalau mara moja, jibu lililo wazi kuwa si sahihi kwa sababu tu kundi zima lilikuwa limelitoa. Lakini alipokuwapo mtu mmoja wa kusema kweli, shinikizo hilo lilipungua sana. Ndiyo maana nakushauri umwendee mama yako, ambaye umesema anakuunga mkono, umwonyeshe hesabu za kodi na vitambaa, kisha mpange siku ya kufungua bila kulizungusha swali lile lile nyumba kwa nyumba. Mwanzoni utaumia, naam, na huenda shangazi mmoja akanuna. Endelea kumjulia hali kama kawaida, wala usimweleze upya uamuzi wako.