Maswali ya Wasomaji: Mchawi Anayeishiwa Pumzi

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, na zote zinahusu Skyrim, gemu iliyotoka Novemba 11, 2011 na ambayo haijaonyesha dalili ya kustaafu. Majina kama Magicka (nguvu ya kurushia uchawi), Destruction (uchawi wa kushambulia) na Conjuration (uchawi wa kuita viumbe) tumeyaacha yalivyo kwenye skrini ili uyatambue ukiyaona. Zile alama unazowasha kwa pointi kila ukipanda levo tumeziita nyota, maana ndivyo zilivyochorwa.

*Nina mchawi wa levo 27, Destruction yake ni 62, Magicka 200. Jambazi mwenye shoka namrushia Firebolt, kombora la moto, mpaka Magicka inakauka, na yeye bado anakuja tu. Mwenzangu anayetumia upanga anamaliza kwa mapigo matatu. Pointi zangu nimezigawa: Destruction kidogo, Conjuration kidogo, upanga, na mavazi mepesi. Nimekosea wapi?*
— Moto Baridi, Chumbageni

Ndugu Moto Baridi, umelinganisha vitu viwili visivyokua kwa namna moja. Ujuzi wa upanga ukipanda, pigo linakuwa zito zaidi, na juu yake mwenzako ananoa silaha kwenye jiwe. Destruction haiko hivyo. Firebolt ina madhara 25 ujuzi ukiwa 15, na ujuzi ukifika 100 ni 25 zilezile. Kinachobadilika ni bei. Kwa hiyo mchawi wa Skyrim ni mhasibu kabla hajawa mpiganaji, na hesabu zako ndizo zilizovuja.

Tuzipige pamoja. Bei ya msingi ya Firebolt ni Magicka 41. Kwa ujuzi wako wa 62 inashuka hadi 29 hivi, bila nyota yoyote. Ukiwasha nyota ya Apprentice Destruction, inayotaka ujuzi wa 25 tu, bei inakatwa nusu: 14 na ushee. Kwa Magicka 200 hiyo ndiyo tofauti ya makombora sita na kumi na matatu. Pointi moja! Na wewe pointi hiyo umeipeleka kwenye upanga ambao, tunavyokusoma, huuchomoi.

Pointi zako zinazofuata zipeleke hivi. Kwanza nyota zinazokata bei kwa daraja la uchawi unaoutumia kweli, si ule unaotamani kuutumia siku moja. Kisha Augmented Flames, nyota mbili zinazoongeza madhara ya moto kwa asilimia 25 halafu 50; hapo Firebolt yako inatoka 25 na kufika 37 na nusu. Chagua aina moja ya kuiongezea hivyo. Anayegawa kwa moto, barafu na umeme kwa pamoja anaishia na vitatu vilivyopoa.

Halafu kuna kuunganisha mikono miwili, jambo linalowapotosha wengi. Firebolt ya mikono iliyounganishwa inatoa madhara mara 2.2 lakini inakula Magicka mara 2.8. Yaani kwa bei ya msingi unalipa karibu 115 upate 55, wakati makombora mawili ya kawaida yangekugharimu 82 yakakupa 50. Kwa madhara peke yake ni biashara ya hasara. Faida yake ni nyota iitwayo Impact, inayofunguka Destruction ikifika 40: kombora la mikono miwili likimpata adui, anayumba na kukatika pigo lake. Basi itumie hivi: jambazi akiwa mbali, rusha mkono mmoja mmoja, akiinua shoka mbele ya uso wako, unganisha, ayumbe, rudi nyuma hatua tatu, endelea. Ukiunganisha kuanzia mwanzo wa pambano, utakuwa mtupu kabla hajafika.

Angalia pia unamrushia nani. Dunmer, wale wenye ngozi ya kijivu na macho mekundu, wana kinga ya moto ya asilimia 50, hivyo nusu ya jasho lako inapotea bure. Wafu wa makaburini, draugr, wana kinga kama hiyo kwa barafu, na Wanord, wenyeji wa Skyrim, nao vilevile. Umeme hauna wapinzani wengi wa namna hiyo, na unamkausha adui Magicka yake, kwa hiyo mchawi mwenzako mpige kwa umeme hata kama nyota zako ziko kwenye moto.

Wakati huohuo usisimame peke yako. Una Conjuration: mwite Flame Atronach, kiumbe wa moto, kabla hujafungua mlango, apigwe yeye wewe uhesabu. Ni waja leo waondoka leo kwelikweli, sekunde 60 tu, kwa hiyo usimwite ukiwa bado unapanda ngazi. Mwite mlangoni.

Dawa ya kudumu iko kwenye Enchanting, ufundi wa kutia vitu sifa za kichawi. Vitu vinne vinabeba Fortify Destruction, sifa inayokata bei ya Destruction: cha kichwani, vazi la kiwiliwili, pete na mkufu. Enchanting ikifika 100, nyota zake zikawashwa, na ukitumia jiwe la roho kubwa (jiwe linalohifadhi roho ya kiumbe ulichokiua), kila kimoja kinakata bei kwa asilimia 25. Vinne mara 25 unajua mwenyewe: Destruction inakuwa bure kabisa. Ili ujifunze kutia sifa hiyo lazima kwanza uivunje mezani nguo ambayo tayari inayo, na nguo hiyo inapotea, kwa hiyo usivunje joho lako pekee usiku wa kuamkia safari. Kosa jingine la hapa: ukitega roho huku mfukoni una jiwe kubwa tupu na mawe madogo yamejaa, roho ya sungura itaingia kwenye lile kubwa na kulijaza. Beba mawe madogo matupu daima.

*Nachezea kwenye banda huku Ngamiani, nalipa kwa saa. Naomba njia ya kukuza mchawi haraka, maana saa inaisha bado niko kwenye theluji natembea.*
— Mlipa kwa Saa, Barabara ya 8

Mdogo wetu, kabla hujafika kijiji cha Riverwood, njiani ukitoka Helgen gemu inapoanzia, kuna mawe matatu yamesimama. Gusa la Mage: ujuzi wote wa kichawi unakua kwa asilimia 20 zaidi. Wengi hulipita wakikimbia.

Kisha jua ni uchawi gani unaolipa ukiurudia. Kurusha moto ukutani hakukupi kitu, Destruction hukua inapompata adui. Kujiponya ukiwa mzima, sifuri. Oakflesh, uchawi wa kukaza ngozi, nje ya vita, sifuri. Lakini Muffle, ile ya Illusion (uchawi wa hadaa) inayozima kishindo cha hatua zako, inakua popote unapoirusha, hata ukiwa peke yako kitandani. Irushe huku unatembea, na ile theluji unayoilalamikia itakuwa darasa. Tahadhari moja: bei yake ya msingi ni 144. Kwa Illusion ya 15 bado inataka karibu 127, na mchawi mpya ana 100. Wengi huinunua kwa mwalimu wa Illusion pale College of Winterhold, wakabonyeza, ikalia tu ile sauti ya kukataa. High Elf anaanza na 150, yeye hana shida. Wengine subirini mpandishe Magicka mara tatu, kumi kumi, ndipo mnunue.

Kuhusu kusevu: usitegemee ile ya gemu yenyewe, inayosevu ukipita mlango au ukilala. Sevu kwa mkono dakika tano kabla saa haijaisha, na kila mara kwenye nafasi mpya. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, faili hilo ndilo linaloharibika. Ukiwa na la nyuma yake umepoteza dakika, ukiwa na moja tu umepoteza mchawi. Kama banda lina PS4, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, mwombe mwenye banda ruhusa, na nakili sevu kwenye flashi. Haitafunguka kwenye akaunti ya mtu mwingine, kwa hiyo nywila yako usiisahau.

*Nachemsha dawa ya kurudisha Magicka kwa ua jekundu la mlimani na uyoga wa White Cap. Nikinywa, Magicka inapanda halafu kama imeliwa. Gemu ina hitilafu?*
— Mpishi, Raskazone

Gemu haina hitilafu, chungu ndicho kina mawili. Red Mountain Flower na White Cap zote zina Restore Magicka, lakini zote pia zina Ravage Magicka, inayoimega, na viungo viwili vikikutana kwa sifa mbili, zote mbili zinaingia kwenye chupa. Weka Creep Cluster badala ya uyoga: hiyo inakutana na ua kwa Restore Magicka tu. Inaota kwa wingi kwenye chemchemi za maji moto kusini mwa mji wa Windhelm. Grass Pod iache kando ya ua hilo, ina kasoro ileile.

*Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nitaweza kuicheza?*
— Bila jina, Makorora

Toleo la 2011, ndiyo: lilitaka RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6. Special Edition ya 2016 inataka GB 8 na nafasi ya GB 12, hiyo itakwamakwama. Ikiwa nzito, punguza vivuli kwanza kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Na kwa joto letu la Februari usiiweke juu ya godoro.

*Mwanangu wa miaka 12 anacheza gemu ya uchawi. Nimemkuta anaita viumbe kutoka hewani. Sisi ni watu wa dini. Nifanyeje?*
— Mama wa Mwambani

Shikamoo mama. Neno "mchawi" ndilo linalotia hofu, kwa sababu kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru jirani usiku. Wa kwenye gemu hasomi dua wala kombe, anabonyeza kitufe na namba inapungua. Mwanao hajifunzi kitu cha kufanya nje ya skrini, labda kujumlisha na kutoa.

Tungekuomba uangalie kingine: damu. Gemu hii ina watu kukatwa vichwa, na Ulaya imewekewa umri wa miaka 18, Marekani 17. Kwa mtoto wa 12 sisi tungesema bado. Kama ni PS4, kwenye mipangilio kuna sehemu ya udhibiti wa wazazi. Weka kiwango cha umri na namba ya siri, na usichague mwaka wake wa kuzaliwa, atakisia.