Msaidieni mwenye mnyama mapema

Wiki hii mmeuliza vituo vya kuhifadhi wanyama vinaweza kuwasaidiaje wanyama wa nyumbani na watu wanaowafuga. Mimi najitolea kwenye kituo kimoja, na jibu langu ni kwamba wamsaidie mwenye mnyama mapema, kabla hajafikia hatua ya kuja kumwacha.

Watu wengi wanadhani anayeleta mbwa wake kituoni ni mtu hana huruma, kamchoka tu. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini wengi ninaowaona mimi wamebanwa jamani, kahama na mwenye nyumba mpya hataki wanyama, kazi imekatika, au mbwa kaugua na bili ya matibabu imemshinda. Kuna mama alikuja na paka kwenye boksi, kamwekea bakuli lake na kipande cha shuka alichozoea kulalia, na kikaratasi kinasema anaogopa radi, ikinguruma msimwache peke yake. Sasa huyo utamwambia hampendi paka wake? Alikuwa anaenda kulazwa na hana wa kumwachia, basi. Tukampata mtu wa kukaa na huyo paka nyumbani kwake kwa muda, mama alipopona akaja kumchukua.

Kwa hiyo pale mapokezi swali la kwanza lisiwe "kwa nini unamwacha", liwe "ukipata nini utaweza kuendelea kukaa nae". Mara nyingi utakuta ni kitu kidogo tu, chakula cha mwezi huu, dawa ya viroboto na minyoo, au mtu wa kumwelekeza afanyeje na mbwa anayebweka usiku kucha mpaka majirani wamelalamika. Vitu hivyo kituo kinaweza kutoa, na mnyama anabaki kwao badala ya kuja kukaa bandani kwenye kelele, wengine wakifika hata kula wanagoma.

Kufunga kizazi nako kuwe bure au bei ya chini kabisa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 hivi, wewe bado unamwona mtoto, na mimba yenyewe ni wiki 9 tu, ukija kushtuka una vitoto vitano na hujui uvipeleke wapi. Chanjo hivyo hivyo. Mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8, halafu anarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, ila wengi wanachoma ya kwanza wanajua wamemaliza, parvo, ule ugonjwa mkali wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, ikija inamkuta hana kinga ya kutosha. Meseji ya kumkumbusha mtu tarehe ya kurudi tu ingeokoa wengi sana. Na kichaa cha mbwa ndo usiseme, karibu watu wote wanaokipata wanakitoa kwa mbwa, kwa hiyo ukimchanja mbwa wa mtu umelinda na watoto wa jirani.

Na kitu kimoja nakiona hakisemwi kabisa, watu wanaopigwa nyumbani. Kuna mtu anashindwa kukimbia kwa sababu akiondoka mbwa anabaki na yule yule mpigaji, na huko anakokimbilia wanyama hawaruhusiwi, anaona bora abaki avumilie. Natamani kila kituo kiwe na familia za kupokea wanyama wa watu kama hao, hata kama ni kwa miezi kadhaa, na iwe siri kweli kweli, mnyama asionyeshwe kwenye picha za kituo na anayemtunza asitajwe kwa mtu yeyote anayekuja kumuulizia, hata akija na karatasi za chanjo anadai mbwa ni wake.