Dawa ya kifafa ya mtoto ina ethanoli: je, niache kumpa?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mwanangu wa miaka mitano ana kifafa, anatumia fenobabitoni ya maji. Jana baba yake alisoma boksi akakuta imeandikwa ethanoli. Akasema hiyo ni pombe, nisimpe tena, na kweli mtoto akinywa husinzia. Tangu jana sijampa. Halafu mimi mwenyewe nimeandikiwa kapsuli na nasikia zinatengenezwa kwa nguruwe. Na ile dawa iliwahi kumwagikia kanga ninayoswalia. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, kabla sijataja ushahidi wowote wa dini: mpe mtoto dozi yake ya leo kama alivyoandikiwa. Usimfidie ya jana kwa kumpa maradufu. Kisha mpeleke kliniki leo hii, mweleze daktari kwamba alikatishwa. Fenobabitoni ikiachwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mshtuko ukashika juu ya mshtuko bila kukatika, na hapo roho iko hatarini. Na kule kusinzia kusikutie shaka. Fenobabitoni yenyewe huleta usingizi, hata ile ya vidonge isiyo na tone la ethanoli.

Sasa hukumu. Baba mtoto ameogopa mahali panapostahili kuogopwa, Allah amlipe. Mtume (SAW) amesema kila kinacholevya ni khamri na kila khamri ni haramu. Amesema pia kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi na kidogo chake ni haramu. Na Tariq bin Suwayd alipomwambia kuwa anatengeneza khamri kwa ajili ya dawa tu, alijibiwa: hiyo si dawa, bali ni ugonjwa. Hadithi hiyo ameipokea Muslim. Wala mtu asiseme mtoto hana dhambi, kwa sababu mzazi anayemtilia kinywani anayo.

Lakini hadithi ya Tariq inazungumzia khamri yenyewe kufanywa tiba. Katika chupa yako tiba ni fenobabitoni. Ethanoli imetiwa kwa sababu fenobabitoni haiyeyuki vizuri kwenye maji: lita moja ya maji hubeba takriban gramu 1 tu. Suala hili wanazuoni wetu wa Kishafii walilijua kabla ya viwanda. Al-Khatib al-Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria, aliharamisha kujitibu kwa khamri tupu, lakini akaruhusu dawa iliyokandwa kwa khamri mpaka ikapotelea humo, kwa sharti kwamba hakuna kitu tohara (kisicho najisi) kinachoweza kushika nafasi yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilisema hivyo hivyo: mgonjwa Mwislamu anaruhusiwa dawa yenye kiasi cha alkoholi iwapo isiyo na alkoholi haipatikani, na daktari mwaminifu ndiye aliyeiandika. Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, huko Makka nalo liliruhusu mwaka 2002 kiasi kidogo kilichopotelea ndani ya dawa, pale kiwanda kinapokihitaji na hakuna mbadala.

Sikubaliani na wanaotuliza watu kwa kusema tu "ni kidogo." Dawa ikiwa na ethanoli asilimia 10, kijiko cha mililita 5 kina nusu mililita, ndiyo, ni kidogo. Lakini kinywaji chenye ethanoli kiasi hicho kikinywewa kwa wingi hulevya, basi udogo peke yake hauondoi hadithi. Ruhusa imesimama juu ya haja na kukosekana kwa nyingine. Ndiyo maana swali la kumuuliza mfamasia ni moja: ipo nyingine? Fenobabitoni ipo ya vidonge, na zahanati nyingi huwa navyo. Daktari akikubali mwanao ahamie kwenye vidonge na akakupimia kipimo, hamia, na hapo ya ethanoli haina tena nafasi nyumbani kwako. Mpaka siku hiyo, mpe bila wasiwasi.

Majina mengine kwenye boksi yasikutishe. Sobito na zailito ni vitamu, na wataalamu wa kemia huviweka katika jamii ya alkoholi, lakini havilevyi. Setili alkoholi (cetyl alcohol) ya kwenye krimu ni kama nta. Benzoeti ya sodiamu na parabeni ni za kuzuia dawa isiharibike. Hizo zote asili yake ni halali, isipokuwa daktari amkataze mgonjwa fulani kwa afya yake, kama kitamu cha aspatamu kinavyokatazwa kwa mwenye PKU, maradhi ya kurithi ambayo mwili hushindwa kuvunja sehemu fulani ya protini.

Kinachonitia hofu mimi kuliko ethanoli ni dawa isiyojulikana ilikotoka. Mwaka 2022 kule Gambia, watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kufeli, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa sirapu nne zilikutwa na daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli. Hizo ni sumu, na hazitakiwi kabisa kwenye dawa. Wazazi wale walikuwa wakitibu homa. Kununua sirapu ya mkononi barabarani kwa sababu ni rahisi, hilo nalo lina hisabu mbele ya Allah.

Kuhusu kapsuli: ganda lake mara nyingi ni gelatini, nayo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, na pia kwa nguruwe, na kwa kuitazama huwezi kujua. Semina ya tiba na fiqhi ya Kuwait mwaka 1995 iliona kuwa imegeuka kitu kingine, kwa hiyo ni tohara. Madhehebu yetu hayakubali mgeuko huo kwa nguruwe, nami nakushauri uchukue tahadhari: omba kidonge, au kapsuli ya mimea. Ikiwa umethibitisha ni ya nguruwe na hakuna nyingine, na unaihitaji, inywe. Tahadhari usiifungue na kumwaga unga bila kumuuliza mfamasia, kwani baadhi zimetengenezwa ziyeyuke polepole.

Kanga ioshe kwa maji pale ilipomwagikiwa mpaka utamu na harufu viondoke, uswali nayo. Wapo wanazuoni waliosamehe unajisi wa kiasi kinachotiwa kuitengeneza dawa, lakini kuosha ni kazi ya dakika moja na kunakutoa kwenye khitilafu.

Mwonyeshe baba mtoto jibu hili, mwende kliniki pamoja. Wallahu a'lam.