Menyu inafunguka kwangu, kwa wateja haifunguki

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemtengenezea tovuti bwana mmoja anayepeleka wageni Mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Kwenye laptopu yangu, kwa Chrome, haina doa. Hata nikibonyeza kile kialama cha kuifanya ionekane kama iko kwenye simu, bado iko sawa. Lakini wateja wanamlalamikia: ile mistari mitatu ya menyu wanaiona kama kijisanduku kitupu, wakibonyeza hakitokei kitu, na wengine wanasema ukurasa "hauna maandishi". Nimemshauri tuandike juu kabisa "Tafadhali tumia Chrome". Amekataa katakata. Nani yuko sahihi?
Fundi mchanga, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Yuko sahihi huyo bwana, na kijisanduku chako kilinipa jibu kabla sijamaliza kusoma. Alama ya menyu umeitoa kwenye fonti ya alama, yaani fonti yenye vialama badala ya herufi, siyo? Wateja hao nadhani wanatumia Opera Mini, kivinjari cha simu, na hiyo ikiwa kwenye ubanaji wake mkubwa haipakui fonti za tovuti. Inatumia fonti zilizopo tayari, na humo alama yako haimo, basi inachora kijisanduku.

Na watu wanaipenda Opera Mini kwa sababu ya bando. Ilianza mwaka 2005, enzi za simu za vitufe, na ukiitumia kwa ule ubanaji wake mkubwa, simu haiji kwenye tovuti yako hata kidogo. Inaituma seva ya Opera, yaani kompyuta ya kampuni hiyo. Seva inafungua ukurasa, inaendesha JavaScript yako (ile lugha inayofanya ukurasa uitikie mguso) kwa muda mfupi, inaisimamisha, inabana kilichobaki na kumpelekea mwenye simu. Ni kama kumwagiza mtu samaki pale Deep Sea: anakufikia keshaparwa na kukatwa vipande. Ukitaka akatwe vingine, lazima mtu arudi sokoni. Ndivyo menyu yako inavyofanyiwa. Kila mguso unaohitaji JavaScript unarudi kwanza kwenye seva, na zile mbwembwe za menyu kuteleza kutoka pembeni zinafia njiani.

Kile kialama cha kwenye laptopu kinapunguza upana wa skrini na kuigiza mguso wa kidole. Injini, yaani sehemu ya kivinjari inayochora ukurasa, inabaki ileile, Chrome ya laptopu yako. Kinakusaidia kuona mpangilio, basi.

Hilo tangazo la "tumia Chrome" liache. Mtu hapakui programu nzima ili aone bei ya kwenda Amboni. Anafunga ukurasa anaendelea na yake. Halafu, kwenye iPhone za huku kwetu, Chrome imevaa nguo za Chrome tu. Ndani injini ni WebKit, ileile ya Safari, kwa masharti ya Apple (Umoja wa Ulaya wamefunguliwa mlango tangu 2024, sisi bado). Utakuwa umemsumbua mteja na injini uliyoifanyia majaribio asiipate.

Sasa, tovuti hiyo ina kurasa ngapi? Nyumbani, safari, bei, picha, mawasiliano. Tano! Unaficha nini? Ziandike wazi juu, hata zikishika mistari miwili. Zingekuwa ishirini, ningekwambia uweke orodha chini kabisa ya ukurasa, na juu uweke neno "Menyu" lenye kiungo cha kurukia pale chini. Hiyo ni HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za tovuti, ilikuwepo kabla JavaScript haijazaliwa mwaka 1995. Na liandike hivyo hivyo, neno "Menyu". Mistari mitatu tunaielewa sisi mafundi. Mama yangu anadhani ni pambo.

Kuhusu ukurasa "usio na maandishi", hilo limeshanikuta. Nilimtengenezea tovuti mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Ngamiani. Maandishi nikayapaka kijivu, chenye msimbo wa rangi #999, juu ya nyeupe, nikajiona msanii. Mzee akatoka nayo barazani, jua la saa saba, mwanga wa simu kaushusha kuokoa chaji, kioo kina ufa. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hujaandika kitu?" Nikakinga kioo kwa kiganja. Maandishi yote yalikuwepo, ila hadi uyatafute kama sindano.

Kijivu kile kinatofautiana na nyeupe kwa uwiano wa 2.85 kwa 1. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. #767676 inapita kwa taabu. Mimi siku hizi naweka #222 na silali na wasiwasi. Bei zinazotokea ukipitisha mshale juu ya picha nazo ziondoe, kama unazo. Simu haina mshale.

Picha za mapango usizipandishe zilivyotoka kwenye kamera. Megabaiti nne kwa picha moja ni kumla mtu bando lake. Zipunguze zifike pikseli 1200 kwa upana, zibane, kisha uzitazame kwenye simu ya kuazima, ya bei nafuu, ukiwa umekaa kwenye meza ya muuza mihogo mchana kweupe. Azima ya mtu asiyejua ulichotengeneza, umwambie tu, "Nitafutie bei ya Tongoni," halafu unyamaze.

Na ile namba ya simu uliyoichora ndani ya picha, kama umefanya hivyo (wengi hufanya), itoe. Iweke iwe kiungo cha tel: ili mtu abonyeze apige. Ya WhatsApp ianzie 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo.