Chuo cha Mapadri, Binti Yetu Aende?

SWALI: Binti yangu alipata C+ katika KCSE na ana barua ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Tangaza, Nairobi. Baba yake mdogo ashikilia kuwa hicho ni chuo cha mapadri, tena shahada zake hutolewa na chuo kingine. Nasi ni Waislamu. Nilipe karo au nisilipe?
Mama, Shella, Malindi

JIBU: Mama, shemeji yako hakusema uongo, ila habari yake imepitwa na wakati. Tangaza kilianza 1986, mashirika ya kitawa yalipoamua kuwasomesha teolojia vijana wao pamoja. Baadaye kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki (CUEA), kilichoanzishwa na maaskofu wa kanda hii 1984 na kupewa chata, yaani hati ya kuwa chuo kikuu kamili, 1992. Ndiyo maana wahitimu wengi wa Tangaza wana shahada zenye jina la CUEA. Ni halali kabisa. Mwajiri akitaka kuzihakiki, aulize CUEA. Tangaza kilipata chata yake 2024, na sasa kinaweza kutoa shahada kwa jina lake.

Lakini chata ni ya chuo, na kila kozi huidhinishwa peke yake. Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Chukua jina la kozi lilivyo kwenye barua, neno kwa neno, ulitafute katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). "Elimu" na "Elimu ya Dini" si kozi moja. Usipoiona, usilipe hata shilingi. Waandikie tume kwanza. C+ ni kiwango cha chini cha kuingia shahada, hivyo tazama pia alama za masomo ambayo kozi yenyewe inadai.

Kuhusu dini, ibara ya 32 ya Katiba yakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Hata hivyo, vyuo vya Kikatoliki huwa na masomo ya lazima ya falsafa na maadili, nayo huingia kwenye alama. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, uisome pamoja na binti yako. Uliza pia, kwa maandishi, kuhusu swala ya Ijumaa na chakula wakati wa Ramadhani.

Karo ilipwe kwenye akaunti yenye jina la chuo, kamwe si kwa simu ya wakala. Na uulize mapema kama malazi yamo ndani ya karo hiyo.